Leah, Vidonge Vyako Havina Nguruwe

Mpendwa mdogo wangu Leah,

Sauti yako ilinipotea mwishoni mwa masika, siku lori la viazi lilipotoka kwenu Olenguruone likiwa na magunia yote lakini bila salamu zako. Tangu hapo nimekuandikia barua tatu. Katika ile ya pili nilitia hata stempu ndani, usije ukasema umekosa pesa ya posta. Barua tatu kwa sifuri! Mimi ni mtu wa hesabu, nawe unajua, na hesabu hiyo haiitwi udugu.

Kwa hiyo hii ya nne sikuibandika. Nimeikunja tu nikampa Mzee Barnaba, dereva wa lori, nikamwambia: soma ukitaka, mpe karani wa duka asome, mpe mwalimu asome, na shemeji yangu Kipkorir asome mara mbili. Wazee wa kanisa lenu nao wasomewe, maana kuna mahali nitawageukia wao kwa heshima zote. Nimeiacha wazi kama mlango wa hoteli yangu, anayepita aingie.

Lakini kabla sijakugombeza, acha nikukumbushe tulivyocheka. Hasira yangu ni ya juu juu. Chini yake kuna furaha ambayo imekataa kuisha tangu zile siku za hospitali.

Unaikumbuka ile Jumapili ya Ndabibi? Wewe ulikuwa hujang'oka hata meno ya mbele. Baba alikuwa akilisha nguruwe wa Bwana mwenye shamba, yule Mzungu, sisi tukikaa kwenye laini za wafanyakazi, na kwenye ule mgunga mkubwa kulitundikwa kipande cha reli. Kila alfajiri ya kazi nyapara alikuwa akikigonga kwa nyundo, ngaa, ngaa, ngaa, na watu wote wakitoka na majembe. Jumapili hiyo wewe ukachukua jiwe, ukapanda juu ya debe, ukagonga. Laini nzima ikatoka! Mama Chebet alitoka na povu la sabuni usoni. Mzee wa ng'ombe alitoka na kiatu kimoja. Walikwisha kujipanga kwenda shambani ndipo mmoja akauliza, "Jamani, leo si siku ya kanisa?" Nyapara akaja mbio akifunga mshipi, "Nani amegonga? Nani?" Na wewe pale juu ya debe, jiwe mkononi, ukajibu, "Ni mimi, lakini wao ndio wametoka."

Baba alitaka kukuchapa akashindwa kwa kicheko. Mama alikaa chini kabisa. Mpaka leo nikiona watu wanakimbilia jambo bila kuuliza, nasikia hilo jibu lako.

Kicheko chako ndicho kilichokuwa saa yetu. Ulipokuja kukaa nami lokesheni ya Nakuru kungoja kujifungua, Kipkorir akiwa bado kazini kule Bahati, wateja wangu walikuwa wakisema chai ya Rael ni ya kawaida ila inanywewa pamoja na kicheko cha mdogo wake. Nilikasirika kidogo kwa ajili ya chai, lakini nilikubali. Mauzo hayadanganyi.

Kisha Samweli akazaliwa, na ile damu ikaja. Sitaeleza sana, kwa kuwa barua hii itasomwa na wanaume. Niseme tu kwamba godoro tulilitupa, na mkunga aliposema "imesimama" nilikuwa nimekwisha kukuaga moyoni. Ulifumbua macho ukauliza kama mtoto ana vidole vyote. Alikuwa navyo.

Tukadhani tumeshinda. Lakini maziwa hayakuja. Nilikupikia uji wa wimbi, mchuzi wa kichwa cha kondoo, na ile mizizi aliyoleta mama mkwe wako kutoka msituni. Hata tone. Samweli nikamlea kwa maziwa ya ng'ombe, naye akanenepa kama mtoto wa chifu, huku wewe ukinyauka. Nywele za kwapa zikaisha na hazikuota tena. Ulisimama ukaona kizunguzungu, ukala ukatapika, ukaanza kuota moto saa za watu kuanika nguo. Na katika hayo yote ngozi yako ikawa nyeupe na laini.

Hapo ndipo watu wetu walipokosea, na sitawasahau. Walikusifu! "Leah ametakata." "Nakuru imempenda." Mama mmoja pale kwenye bomba aliniambia kwa wivu kabisa, "Unamwogesha mdogo wako kwa sabuni gani, Rael? Niambie, usiwe mchoyo." Msichana aliyekuwa akiishiwa ndani, nje wakamwona amependeza. Wewe mwenyewe ulicheka, ila kicheko kilikuwa kidogo, kama cha mtu anayemkopesha mwingine.

Kisha homa ya malaria, homa ya kawaida tu iliyowapata watoto wa jirani wakaamka wakacheza, ikakuangusha. Nilikupeleka hospitali kwenye mkokoteni wa kuni, mimi nyuma nikisukuma, Samweli mgongoni.

Sasa wasomaji wengine wa barua hii watataka kujua ilikuwa nini, na mimi nataka wajue. Nitasema kama nilivyoelezwa na Nesi Agneta, yule mama mnene wa Maragoli aliyekuwa akitembea wodini kama anapeleka habari njema.

Juu ya kila figo ya mtu kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia. Ndani yake zimo seli zinazotengeneza homoni iitwayo kotisoli, na hiyo ndiyo inayompa mtu nguvu ya kusimama, ya kushika chakula tumboni, ya kustahimili homa. Lakini seli hizo hazianzi kazi zenyewe. Zinangoja ujumbe. Ujumbe unatoka kwenye tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo inaachilia protini fupi ndani ya damu, protini inafika kwenye seli za juu ya figo, na seli zikiipata zinaamka, zinapika kotisoli.

"Inafananaje hiyo protini?" nikamwuliza.

"Kama shanga kwenye uzi," Nesi akasema. "Shanga arobaini kasoro moja, na kila moja mahali pake."

"Thelathini na tisa," nikamwambia. "Arobaini kasoro moja ni viboko vya Mtume Paulo."

Alicheka hadi akaegemea ukuta. Tangu siku hiyo tulikuwa marafiki.

Nilipomwambia habari ya reli ya Ndabibi, akapiga makofi. Ndiyo hiyo hiyo, akasema. Laini ya wafanyakazi ni zile seli, na tezi ya kichwani ndiyo nyapara. Swali la daktari lilikuwa moja: kwa Leah, ni wafanyakazi waliokufa au ni mgongaji aliyekufa? Kama ni seli zenyewe zilizokufa, gongeni mkitaka, hakuna atakayetoka. Kama ni ile njegere ya kichwani iliyokosa damu siku ya uzazi ikafa, basi seli ziko hai, zimelala kwa kukosa mwito.

Na namna ya kujua ni kugonga.

Unamkumbuka yule daktari kijana wa Kizungu, mwenye madoadoa usoni na masikio mekundu? Alipata chupa chache za ile protini yenyewe, zimehifadhiwa kwenye barafu. Akakutundikia, ikawa inakuingia mkononi tone kwa tone kutwa nzima. Asubuhi walikutoa damu, jioni wakakutoa tena. Kuna chembe fulani za damu zinazoonekana nyekundu chini ya darubini zikitiwa rangi, na kotisoli ikiongezeka chembe hizo hupungua. Kwa hiyo wao walihesabu chembe, na mimi nikasimama dirishani nikawahesabu wao.

Siku ya kwanza zilipungua kidogo sana. Daktari akakuna kichwa. Nikauliza ni kidogo kiasi gani, Nesi akanitajia, nikapiga hesabu: haikufika hata sehemu moja ya kumi. Nilirudi nyumbani nikamfunga Samweli mgongoni, ingawa alikuwa amelala kitandani vizuri tu.

Siku ya pili zikapungua zaidi. Ndiyo siku wewe ulifumbua macho ukamwuliza Nesi hii dawa inatoka wapi, naye bila kuficha akasema, "Kwenye vichwa vya nguruwe."

Wodi nzima ikageuza vichwa. Kisha yule mama wa Bahati wa kitanda cha pili, aliyekuwa amevunjika mguu, akasema, "Ngoja tuone kama atakoroma."

Na wewe, uliyekuwa hujasema sentensi nzima kwa wiki, ukasema, "Baba aliwalisha miaka yote hiyo. Walikuwa na deni letu."

Mama wa Bahati alicheka hadi mguu ukamwuma akaanza kulia, akilia anacheka. Nesi akatwambia tukicheka hivyo tutafukuzwa. Ukamwuliza seli zako zitamtiije nguruwe, naye akasema shanga za nguruwe na zako zinafanana kiasi kwamba seli haziulizi zimetoka kwa nani. Nikakumbuka yule mtoto mwenye jiwe juu ya debe. Ni kweli: watu hutoka kwa mlio, hawatazami mgongaji.

Siku ya tatu chembe zilianguka chini ya nusu. Chini kabisa ya nusu, Leah! Daktari alitoka chumba cha darubini akikimbia, koti halijafungwa, akaja mpaka kitandani kwako akapaza sauti kwa kile Kiswahili chao cha mashambani: "Hapana kufa! Hapana kufa! Nalala tu!"

Wodi nzima ikaitikia. Hakuna aliyejua ni nini kimelala, lakini kila mtu alijua ni nini hakijafa. Mama wa Bahati akapiga vigelegele. Jioni hiyo uliomba ugali na nyama ya mbuzi, ukala sahani yangu na yako, kisha ukamwigiza daktari, masikio na yote, kwa sauti iliyosikika hadi wodi ya wanaume. Nilikaa kwenye kiti cha mbao nikalia kwa furaha, na mpaka leo nikimimina chai nikasikia mtu anacheka barabarani kwa sauti kama hiyo, mkono wangu husimama.

Sasa sikiliza, na shemeji asikilize, kwa kuwa hapa ndipo mambo yalipochanganyika.

Ile protini ya nguruwe ilikuwa ya kupima tu. Haiwekeki nyumbani, inataka barafu, inataka sindano. Daktari alipokwisha kujua kwamba mgongaji wako amekufa na hatarudi, aliacha kugonga. Akakupa vidonge. Ndani ya vidonge hamna mwito wa seli, mna kotisoli, kazi yenyewe iliyokwisha kufanywa. Mimi kama mwenye hoteli naielewa hivi: mpishi hasikii akiitwa, basi tunaleta chakula kilichopikwa kwingine. Nusu asubuhi, nusu jioni, na siku ya homa unaongeza maradufu, kwa kuwa mtu mwenye afya akipata homa kichwa chake kinagonga kwa nguvu zaidi, na chako hakina cha kugongea.

Ulimeza, ukarudi kuwa Leah. Kipkorir alipopata shamba Olenguruone mkahama, mimi nikawa nachukua vidonge hospitali na kukutumia kwa lori, kopo moja kila miezi miwili. Kopo la mwisho lilipaswa kwisha zamani, na hukuomba lingine. Nilijiuliza: vidonge vimezaana ndani ya kopo? Mtu asiyeomba kopo jipya ni mtu ambaye la zamani bado limejaa.

Wiki iliyopita Mzee Barnaba alikuja hotelini. Nikamwuliza habari zako.

"Hajambo kabisa, mama," akasema, akichovya andazi. "Ametakata! Mchana anaota moto na mablanketi mawili kama bibi kizee, lakini uso, ai! Amependeza."

Leah, maandazi yaliyokuwa kwenye karai yote yaliungua. Sikuyaona.

"Na vidonge vyake?" nikauliza.

"Vile vya nguruwe?" akasema. "Si wazee wa kanisa lao walikataza? Yeye mwenyewe ndiye aliyewasimulia kina mama, wakacheka sana, lakini maneno yakafika kwa wazee. Wao nguruwe hawagusi. Mume wake akaona aibu."

Kumbe! Ile hadithi tamu kuliko zote, iliyotuchekesha wodini, ndiyo iliyokwenda Olenguruone ikawa sheria. Sina ugomvi nayo. Ningekuwa wewe ningeisimulia pia, na ningeongeza mkia.

Nilifunga hoteli saa ya chai, jambo ambalo sijafanya tangu niinunue, nikaenda moja kwa moja kwa daktari mwenye masikio. Nesi Agneta akatafsiri. Nikamwuliza: katika vidonge vya Leah mna nguruwe ndiyo au hapana? Akacheka kwanza, akaona uso wangu, akaacha. Akasema hapana. Vidonge hivyo vimetengenezwa kiwandani, na vilianzia kwenye mmea. Nikauliza mmea gani. Wakasemezana kwa Kiingereza, Nesi akatafuta neno, kisha akanigeukia huku macho yakimcheka.

"Kiazi," akasema. "Kiazi kikuu cha porini, huko Meksiko."

Nilikaa chini. Kiazi! Nanyi mnakaa Olenguruone, ambako mtu akipiga chafya kinaanguka kiazi!

Wazee wa kanisa, sasa nawageukia ninyi, nami nimevua kitambaa cha hoteli na kujifunga cha ibada. Heshima yenu naishika. Sikuja kubishana juu ya nguruwe. Mwenye kumkataa na amkatae, na mimi mwenyewe tangu Ndabibi harufu yake sina hamu nayo. Lakini kama kuna andiko linalokataza viazi, naomba mlitaje, ili nimrudishe Mzee Barnaba na magunia yake yote kila wiki, maana kumbe ninapika dhambi na kuziuza kwa chumvi. Kama halipo, basi mwambieni binti yenu ameze, mumwambie mbele ya watu, kama mlivyomkataza mbele ya watu.

Na wewe Kipkorir, shemeji yangu, sikulaumu kwa kuona aibu. Mtu mgeni mahali hutaka kusimama vizuri na majirani. Lakini ule weupe unaosifiwa na watu si uzuri, na wewe ulikuwa ukija kumwona kutoka Bahati. Uliuona mara ya kwanza. Usingoje homa ikufundishe mara ya pili. Homa ikimkuta hajameza, huyu hataamka asubuhi acheze kama watoto wa jirani.

Leah, pamoja na barua hii nimempa Mzee Barnaba kopo jipya. Lifungue mbele yake. Meza mbele yake. Ukiwa unatapika na vidonge havikai tumboni, usijilaze ukasema kesho: panda lori hilo hilo, keti mbele, nimekwisha kuzungumza na dereva, na Nesi Agneta anajua kwamba huenda ukaja.

Nimekasirika, ndiyo. Barua tatu! Lakini jana nilikuwa nakanda unga, ghafla nikakumbuka uso wa nyapara akifunga mshipi, nikacheka peke yangu hadi wateja wakaniuliza. Sikuwa na wa kumwambia. Hicho ndicho ninachokudai hasa, mtu wa kumalizia naye kicheko. Samweli naye aletwe nimpime urefu mlangoni. Nasikia anakimbiza kuku.

Lori linashusha mizigo kwenu Alhamisi na linarudi Nakuru Jumamosi. Jumamosi saa sita mchana nitakuwa stendi. Sitaki maelezo, wala salamu ndefu, wala habari za mvua. Mzee Barnaba ataniletea neno moja kutoka mdomoni mwako, na asipokuwa nalo nitapanda lori hilo hilo linapogeuza, na hoteli ikae imefungwa.

Kaa na Mungu, mdogo wangu, na ukae na joto kutoka ndani yako, si la moto wa kuni. Sasa nijibu kabla ya hiyo saa sita ya Jumamosi: unameza, au humezi?

Dada yako mkubwa,
Rael